Fungua Kwanza, Bosi

Watu wa kwetu wakisikia nilikuwa Saudia, huuliza nilikuwa naendesha gari la nani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nilikuwa mwalimu wa nani. Basi nitajijibu mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliojitengeneza kwa mikono yetu: nilimfundisha bosi wangu kulenga shabaha, na bunduki yake sikuigusa hata kwa ukucha. Mwenye stashahada hufundisha kwa mdomo.

Stashahada yenyewe ni ya usimamizi wa usalama. Niliisomea miaka miwili, nikapita vizuri, na leo imetundikwa sebuleni kwangu juu ya televisheni, mgeni asiweze kutazama mpira bila kuisoma. Kabla ya chuo nilikuwa askari wa wanyama katika ranchi moja ya Laikipia, ambako tulibeba bunduki kwa kibali cha serikali na kukaguliwa kila jioni. Ajenti wa Nairobi alizipitia karatasi zangu zote, moja baada ya nyingine, akatafakari sana, kisha akaandika: dereva. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye pasipoti na pumzi alikuwa anapandishwa ndege. Ukiwa na stashahada, nadhani walikuruhusu kukaa dirishani.

Nilishukia Jeddah. Nikalala wiki mbili mtaa wa Kandara wa huko huko, wanaume wanane chumba kimoja, nikimngoja kafili, yaani yule mwajiri ambaye bila yeye huna ikama, kibali cha kuishi, na bila ikama huna ruhusa hata ya kununua mkate kwa amani. Kafili wangu alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mpole, mwenye mikono laini kuliko bidhaa za babake. Mwaka wangu wa pili akaoa Riyadh, akafungua ofisi mtaa wa Olaya huko huko, tukahama. Yeye alikwenda kwa ndege. Mimi nilikwenda kwa barabara na masanduku, kwa heshima ya usomi wangu.

Ukoo wa mke ulikuwa wa watu wa bara. Kila msimu wa baridi walipiga mahema jangwani nje ya Riyadh, wakanywa kahawa, wakalenga makopo. Mwaka wa kwanza bwana arusi akapewa bunduki ya mwenyeji. Akafyatua, akaangukia kitako, na mguu wake ukapiga birika. Mkwe wake, mzee mkavu mwenye ndevu zilizopakwa hina, akafuta kahawa kwenye kanzu yake na kusema watu wa pwani ni hodari sana wa kupima vitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari. Nilikuwa nikidhani hii dharau ya bara na pwani ni mali yetu Wakenya peke yetu.

Maneno yale yalimkaa bosi kooni mwaka mzima. Msimu uliofuata ulipokaribia, alinunua bunduki yake mwenyewe, ile ya mitutu miwili inayokunjika katikati, na kibali chake cha halali chenye picha yake akiwa amekunja uso kama jemadari. Tukiwa kwenye msongamano wa magari, akaniambia, "Wewe ulikuwa askari."

"Nilikuwa, bosi. Na nina diploma."

"Nimesikia habari ya hiyo diploma. Nifundishe."

Sasa na mimi nilikuwa na haja yangu. Mkataba ulisema baada ya miaka miwili ninakwenda nyumbani kwa likizo kisha ninarudi kazini. Miaka miwili ilikuwa imepita, na miezi juu yake. Nilikuwa nimemwacha mke wangu mjamzito. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, ameshatembea, na sasa alikuwa anamwita ndugu yangu baba. Ndugu yangu, mtu mwenye roho nzuri sana, alikuwa anaitika. Na bila karatasi ya kafili, hutoki nchi ile.

"Na likizo yangu, bosi?"

"Nikitoka kambini bila kuchekwa, mwezi unaofuata uko kwenu. Wallahi."

"Nina sharti moja. Bunduki sishiki. Mgeni akikutwa na silaha mkononi haulizwi alisoma wapi."

"Nani atakuona? Jangwa ni la Mungu."

"Ni la Mungu, bosi, lakini lina doria."

Somo la kwanza lilikuwa hilo hilo. Nilimtuma akaulize ofisi ya vibali ni wapi mtu anaruhusiwa kufyatua risasi na wapi hairuhusiwi. Alirudi kesho yake ameduwaa. Kumbe kulikuwa na maeneo ya hifadhi, na umbali wa kukaa kutoka barabarani, mashambani na kwenye mahema ya watu. Alikuwa ameishi maisha yake yote akidhani zile nyaya za uzio jangwani ni za kuzuia ngamia.

Somo la pili tulilifanyia katika banda la gari, kwa ufagio. Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, kinatosha kununua vitunguu lakini si kumzuia mtu asikuue, kwa hiyo amri nilimfundisha kwa Kiswahili. "Mdomo chini," mpini wa ufagio unaelekea sakafuni. "Fungua," anajifanya anaikunja bunduki, anatazama ndani, anaonyesha wote walio karibu kwamba ni tupu. Kabla ya kumpa mtu, fungua. Kabla ya kuiweka chini, fungua. Ukisikia fungua, usifikiri. Fikra zako tutazitumia ofisini. Kwa wiki tatu, kila alasiri, tajiri yule alizunguka banda akielekeza ufagio sakafuni, na kidole chake kimenyooka nje ya kifyatulio kisichokuwapo.

Ufagio ulikuwa wa dada wa jikoni, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa haogopi mtu nyumba ile, hata madam, mke wa bosi.

"Nawe mwana wa bara," akaniuliza, "ufagio wangu wauchukua kumfundisha Mwarabu vita?"

"Namfundisha usalama, dada."

"Basi mwambie akimaliza usalama afagie. Hapo pembeni pana vumbi tangu Ijumaa."

Somo la tatu tulikwenda jangwani, mahali paliporuhusiwa, kibali chake mfukoni, mikono yangu mgongoni. Bosi akachagua kopo juu ya kilima, mbingu nyuma yake, kwa sababu lilipendeza. Nikamwambia risasi haina macho, haijui kopo limeishia wapi. Akacheka: ng'ambo ya kilima kuna nini ila mchanga? Nikamwomba tupande tuangalie. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na Msudani mmoja na ngamia kama thelathini, anachemsha chai. Akatupungia mkono kwa furaha. Bosi naye akampungia, polepole, na tangu siku ile hakupiga tena shabaha isiyokuwa na ukuta mnene wa udongo nyuma yake.

Kitu kimoja tu nilishindwa kumfundisha, na nakiri kwa shingo upande kwa sababu si desturi yangu kushindwa. Mtu aliyelelewa na madereva hana mahali pa kuweka vitu. Akimaliza na simu, ananyoosha mkono pembeni bila kutazama, na simu inapokelewa. Tasbihi, mkoba wa madam, kikombe, ganda la ndizi: mkono pembeni, "shika," halas, imekwisha. Na sisi tuliokula mshahara wake, mkono unaponyooshwa, wetu unakwenda wenyewe. Nilijiona mara mbili nikiinua kiganja kupokea bunduki. Tangu hapo nikawa nafunga vidole vyangu nyuma ya mgongo, vimeshikana kama vya mtoto anayeadhibiwa.

Siku ya kambi ilifika. Wanaume kumi na wawili wamekaa kwenye mazulia, mzee wa hina katikati, na mimi nimesimama ubavuni mwa bosi, mikono mgongoni. Makopo yalipangwa mbele ya tuta la udongo. Bosi akaweka risasi mbili, akafyatua, kopo likaruka. Akafyatua tena, la pili likaruka. Akaweka nyingine mbili, la tatu likaruka. Hakuanguka. Birika lilibaki limesimama. Mzee akatikisa kichwa mara moja kwa kukubali, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba. Nikaona mke wangu, nikaona mtoto wangu, nikaona ndugu yangu akitafuta nyumba nyingine ya kuitika.

Hapo mmoja wao akaanza kuadhini kwa sala ya alasiri. Bosi, kifua kimejaa, akawageukia wakwe zake akitabasamu, na mkono wenye bunduki ukanyooka pembeni, kwangu, bila kutazama. Mdomo wa bunduki ulipita juu ya birika na juu ya miguu ya shemeji zake wawili. Ilikuwa imefungwa.

"Shika."

Barabara haikuwa mbali. Gari la doria lilikuwa limepita asubuhi na lilikuwa bado halijarudi. Nikishika, nawekwa ndani. Nisiposhika, dereva amemkatalia bosi mbele ya ukoo, na likizo yangu imekwenda na upepo. Vidole vyangu nyuma ya mgongo vilikuwa vinaumana.

"Mafi, bosi," nikasema, yaani hapana. "Fungua kwanza."

"Yalla, shika. Watu wananingoja."

"Fungua," nikasema kwa sauti ya banda la gari.

Mikono yake ilitii kabla kichwa hakijaamua. Ufagio ulikuwa umefanya kazi yake. Bunduki ikakunjika katikati, na kwenye mtutu wa pili kikaonekana kitako cha shaba cha risasi nzima, mpya, inayong'aa. Alikuwa ameweka nne na kufyatua tatu. Mzee akainuka, akaitoa risasi kwa vidole viwili, akaitazama, akawatazama wanawe ambao miguu yao ilikuwa bado ipo.

"Huyu ni nani?"

"Dereva wangu, ami," bosi akamjibu mkwe wake.

"Na wewe nani alikufundisha?"

Bosi akajibu haraka: "Nilitazama video."

Mzee aliitazama mikono yangu, iliyokuwa bado nyuma. "Video yako," akasema, "ina sauti kali."

Wote wakacheka. Baada ya sala, mzee akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, mimi wa kwanza, kabla ya mume wa binti yake. Niliinywa. Ilikuwa kahawa nzuri, na nilijua kabisa kwamba nilichokuwa nakunywa ni likizo yangu.

Kwa wiki mbili maneno ya bosi kwangu yalikuwa mawili tu: "kulia" na "kushoto". Kisha, tukiwa garini mbele ya ofisi pale Olaya, akaninyooshea bahasha, safari hii akinitazama usoni.

"Ruhusa yako ya kwenda nyumbani."

Sikuishika. Nilimwomba aifungue kwanza. Akaifungua, bila kugomba. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Ndani kulikuwa na pasipoti yangu na karatasi ya kutoka. Ya kutoka tu, isiyokuwa na kurudi.

"Bosi, hii si likizo."

"Uliomba nyumbani."

"Niliomba kwenda na kurudi. Kazi yangu iko hapa."

Akatazama usukani. "Mkwe wangu kila siku ananipigia simu," akasema polepole. "Anauliza video haijambo. Halas, ndugu yangu. Nenda."

Alinilipa haki yangu yote, sitamsingizia. Nilipita soko la Dirah nikamnunulia mtoto viatu vya kukisia, vikawa vidogo. Watu wengi wa rika langu walirudishwa kutoka nchi ile kwa makosa. Mimi nilirudishwa kwa kuwa sahihi, na naomba hilo liandikwe. Mtoto alihitaji miezi mitano kuniita baba. Ndugu yangu bado huitika akijisahau.

Msimu wa baridi uliofuata, dada wa jikoni alinitumia ujumbe wa sauti. Bosi amekwenda kambini tena, akasema, na dereva mpya, Mbangladeshi asiyejua neno. Akasema shemeji zake bosi sasa wote wakipeana bunduki huambiana "fungua", mzee naye, na kila mmoja huitikia kwa kuikunja. Wanaamini ni neno la watu wa Jeddah.

"Na ufagio wangu," akamalizia, "tangu uondoke hakuna aliyeuazima. Vumbi la pembeni liko pale pale."