Mdudu Niliyempa Jina la Mkubwa Wake

Nakumbuka asubuhi niliyopanda kwenda kwetu na bahasha kwapani, nikijiona mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kupita njia ile. Weka simu kando kwanza, mwanangu. Umeniletea mdudu wako ndani ya kachupa, umemtoa msituni juu kule kwenye volkano, na unasema iniversite wamekubali kwamba hajulikani bado. Unataka nikusaidie kumtafutia jina. Jina litapatikana, usiwe na haraka. Nikusimulie kwanza la wangu, maana nililikosea, na mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma.

Mimi ni Munande wa upande wa Lubero, kule kwenye baridi. Majina yetu unayajua, umekaa nasi hapa Goma tangu utoto. Mvulana wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mimi ni Kambale. Kwa hiyo nikijitaja tu, kila Munande anajua nina mkubwa wangu. Huyo mkubwa sikumuona. Alikufa akiwa mchanga sana, kabla mimi sijazaliwa, na hakuacha hata nguo.

Nilikuwa kijana, nimemaliza masomo ya wadudu, nafanya kazi chini ya profesere mmoja, muzee mpole asiyependa kuharakishwa. Likizo moja nilikwenda nyumbani, nikapanda mpaka kwenye mianzi iliyo juu ya kijiji chetu, nikageuza gogo lililooza. Alikuwa pale. Mweusi, mgongo mgumu unang'aa, miguu mirefu. Yale magamba mawili ya mgongoni, ambayo wenzake hufungua wanapotaka kuruka, kwake yalikuwa yameshikana kabisa, na ndani hamna bawa hata moja. Alikuwa mdudu wa kutembea tu, aliyezaliwa mlima ule na wa kufia mlima ule.

Profesere alimtazama, akamlinganisha na wale wa milima mingine, akaandikia wenzake wa mbali. Mwishowe akaniambia huyu hajaandikwa na mtu. Ee mwanangu, furaha ile! Kazi ya kumwandika utaiona mwenyewe, si mchezo: unaeleza umbo lake toka kichwani mpaka kwenye kucha, mistari ya mgongo, nywele za miguu, unachagua mmoja awekwe kuwa shahidi wa wote, kisha unampa jina. Profesere akaniachia jina nitoe mimi.

Sikufikiri mara mbili. Nikamwita Paluku. Nilijiambia huyu ni mdudu wa kwanza wa milima yetu kuingia kitabuni, basi apewe jina la wa kwanza. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia profesere: nilitaka kumfurahisha mama. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto wake aliyemkosa, jina lake sasa litasomwa dunia nzima. Ndiyo maana maandishi yalipochapwa sikungoja hata likizo. Niliomba ruhusa, nikapanda gari la viazi, nikaenda na ile bahasha.

Mama alikuwa anamenya maharagi mbele ya nyumba. Nikamwonyesha picha, nikamsomea jina. Akaacha maharagi, akafuta mikono kwenye kitenge, akashika ile karatasi kama mtu anayepokea mtoto. Machozi yakamtoka, nami nikaona nimefanya jambo. Kisha akauliza, kwa Kinande chetu, nami nakuambia kwa Kiswahili:

"Na yule mwekundu?"

Nikauliza mwekundu gani. Akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa mlima mwingine, ambako shamba letu la viazi na ngano lilikuwa limelala juani. Na pale pale, mwanangu, ikanirudia.

Kabla ya shamba, pale kulikuwa na msitu. Na ndani ya msitu ule kulikuwa na mdudu mkubwa kumshinda huyu wangu, mwekundu kama udongo uliolowa, naye hana mabawa. Sisi watoto tulikuwa tunamfunga uzi, tunamvutisha ganda la maharagi, tunasema ni chukudu yetu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imetoka sokoni. Nilicheza naye mimi, kwa mikono yangu hii! Halafu baba akaufyeka ule msitu apate shamba la kunisomesha. Siku ya kuchoma nilikuwepo. Wale wekundu walitoka kwenye moshi wakitembea, mmoja nyuma ya mwingine. Mdudu mwingine angeruka. Wale walitembea tu, na kuku wa kijiji kizima walikuwa wanawangoja ukingoni. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa mtoto, sikulaumu mtu na simlaumu baba. Shamba lile ndilo lililonifikisha kwenye mikroskopu. Lakini nilisoma miaka yote ile, nikaandika kurasa zote zile juu ya mdudu asiyeruka, na yule mwekundu hakunijia kichwani hata siku moja.

Mama akanirudishia karatasi. Sauti yake haikupanda. Aliniambia hivi:

"Ulipozaliwa, mashangazi walinishauri nikuite Paluku. Walisema yule hakukaa, hakuna atakayeuliza. Nilikataa. Nilisema huyu ni Kambale, kwa sababu kuna aliyetangulia. Jina lako ndilo mahali pekee alipobaki. Sasa wewe msomi umefanya kile nilichokataa."

Maharagi yake nilimenya mimi mpaka yakaisha.

Nilirudi mbio kwa profesere, nikamwomba tubadilishe. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma. Akasema jina likishachapwa limechapwa, ndiyo sheria ya kazi hii, hata mimi niliyelitoa siwezi kulirudisha. Akauliza kama ninaye mwekundu mmoja, hata mguu wake, hata gamba. Nilikwenda nikachimba kandokando ya lile shamba, nikageuza kila jiwe, nikauliza wenye mashamba ya jirani. Wazee walimkumbuka wote. Wengine walicheka kwa kumkumbuka, wakanionyesha kwa vidole ukubwa wake. Lakini gamba sikupata. Na bila gamba, kwenye vitabu hakuna kitu. Basi vitabuni wa pili ameandikwa kuwa wa kwanza, na wa kwanza ni kama hakuzaliwa.

Mama hakunisema tena. Ila wageni walipokuja kumpongeza kwa mdudu wa mtoto wake, alikuwa anawajibu kwa upole, "Huyo ni wa pili." Basi. Wao hawakuelewa, wakanywa chai yao wakaenda. Mimi nilielewa, na kila mara nilitoka nje. Baadaye vita vilitufukuza kule, tukashuka naye mpaka huku, na ni hapa Goma alipofia, tukamzika kwenye mawe haya meusi ya volkano. Siku zake za mwisho aliniita Kambale mara nyingi, hata bila kuwa na la kuniambia. Ningetoa vyote nilivyoandika maishani nipate kulifuta jina moja tu, aone.

Ndiyo hivyo. Sasa tuzungumze ya kwako.

Mdudu wako ni mzuri, kazi yako nimeitazama, ni safi. Usiandike jina bado. Watu wa mlima ule alikotoka hawako mbali, wamekimbia vita, wako hapa hapa. Wengine wako kambini Kanyaruchinya, wengine Mugunga, wengine wamepanga nyuma ya soko. Nenda na hiyo kachupa yako. Kaa nao, usiwaharakishe, na usijifanye umetoka iniversite. Waonyeshe, uwaulize: kabla ya huyu kulikuwa na nani? Kwenye mlima wa jirani, pale palipolimwa, palipochomwa makaa, mlichezea nini utotoni? Watakaokumbuka ni wazee, na wazee wanaisha. Wakikuambia kulikuwa na mwingine, mwandike hata kama huna gamba lake. Mwekee mstari mmoja mwishoni, useme watu wa pale wanamkumbuka. Wakubwa wako wa iniversite wakitaka kuufuta, wabembeleze. Mimi niliona aibu hata kuwaza kitu kama hicho, na nilikuwa na mama hai wa kumuuliza.

Na uwahi. Mdudu wako naye hana mabawa. Sisi tulipofukuzwa tulitembea tukafika mahali. Yeye mlima wake ukiisha, hana pa kufikia.

Chukua kachupa yako, uende kabla mvua haijashika. Mungu akutangulie barabarani, akufungulie milango ya wale wazee, akupe subira ya kuwasikiliza mpaka mwisho. Akupe mikono isiyoharibu. Na jina utakalotoa, mwanangu, Mungu alifanye lisiwe la mkubwa wake, liwe la mwenyewe.