Alasiri Zuhura Alipolala Sakafuni

Majuzi maktabani nilimwona kijana akiigiza mbele ya rafu za vitabu bila kusema neno, nikaikumbuka alasiri ya dada yangu Zuhura.

Mama alinichukua kutoka Chang'ombe twende tukamtazame akiigiza. Ukumbi wa maktaba ulinuka karatasi kuukuu na vumbi. Zuhura alijiviringisha shuka jeupe, akalala sakafuni, akatulia tuli. Watu wakanyamaza, ikabaki feni inayokwaruza. Nilikikodolea macho kifua chake. Hakikupanda wala kushuka.

"Mama, dada amekufa?" nikanong'ona.

Mama alinibana mkono hadi vidole vikaniuma, kisha akainuka ghafla, akapenya katikati ya viti.

"Zuhura! Amka, mwanangu!"

Basi nikadhani naye ni mwigizaji. Watazamaji walidhani hivyo pia, wakapiga makofi. Sikujua bado kwamba kabla sijazaliwa, Mama alishamzika mtoto mwingine, kafunikwa shuka kama lile.

Zuhura alijua. Alilivua shuka haraka, onyesho likiwa bado katikati, akamkumbatia.

"Nipo, Mama. Nishike."

Mama alimshika, na hakumwachia mpaka tulipofika nyumbani.