Alama Tano za Mkunga

Kamati ya maadili ya chuo iliniuliza swali moja tu nililolifurahia: kwa nini niende Quionga mimi, asiende mwingine? Maswali yao mengine yote yalinitoa jasho. Walitaka kujua siri za washiriki nitazifungia wapi, fomu ya ridhaa nitaisoma kwa lugha gani, na mtu akilia katikati ya mahojiano nitafanya nini. Lakini hilo la Quionga nililijibu kifua mbele. Niliandika kwamba mimi ni mtu wa huko, pwani ya kaskazini, nimezaliwa huko, nazungumza lugha ya huko na nazijua mila za huko zote. Neno "zote" nililipigia mstari. Hakuna mwanakamati aliyenicheka, na hadi leo nawashukuru kwa subira yao.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa shahada yangu ya pili, juu ya ustawi wa watumishi wa afya: kama wanalala, kama wanapumzika, kama kazi bado wanaipenda au ndiyo inayowamaliza. Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu, dada mmoja mzaliwa wa kusini kabisa mwa nchi, asiyejua hata salamu ya Kiswahili, alipangiwa kituo cha afya cha Olumbi. Mimi nikapewa Quionga. Nilimhurumia sana. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mkubwa, kwamba akikwama asione haya kunipigia simu.

Nilifika Quionga kitambulisho cha chuo kikining'inia shingoni, tableti mkononi, na miguuni viatu vya ngozi ambavyo mchanga wa kwetu haukuvipenda. Uani kwenye kituo walikuwa wamekaa kina mama na bibi waliosubiri kupimiwa watoto uzito. Waliponiona tu wakasimama, wakajipanga mstari. Tangu turudi kutoka ukimbizini, tulikoikimbia vita, mtu mwenye kitambulisho na kitu cha kuandikia maana yake ni orodha, na orodha maana yake ni mchele. Nikawaeleza kwamba huu ni utafiti, kwamba nitawahoji watumishi tu, na kwamba hata hao siandiki jina la mtu. Bibi aliyekuwa mbele alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, doutor," akasema. "Basi mimi niandike bila jina."

Udaktari sikuwa nao wa aina yoyote. Tasnifu nzima ilikuwa bado inaningoja. Lakini sikumsahihisha bibi yule, maana lile doutor lilinikaa vizuri mwilini.

Kituo kilikuwa na watumishi wanne: muuguzi, mgawa dawa, mfagiaji na mkunga. Mkunga nilikuwa namjua. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu, na mimi mwenyewe amewahi kunichapa kwa kuiba nazi zake. Alinitembeza kituoni huku akinipa habari. Zamani walikuwa wakunga wawili. Mwenzake alihamishiwa mbali wakati ule wa kukimbia, hakurudi tena, na tangu hapo yeye yuko peke yake, mchana na usiku. Hata akiwa shambani kwake watu wanamfuata huko huko, anaacha jembe anakuja.

Kisha akaniambia jambo la furaha. Wakubwa wa afya wa wilaya, pale Palma, walikuwa wamepata mkunga mpya aliyetoka kuhitimu, na walikuwa bado wanafikiri wampeleke Quionga au Olumbi. Akiletwa Quionga, mama huyu ataomba likizo aende Diaca. Binti yake wa pekee alikuwa huko kwa mumewe, na mimba yake ya kwanza, na kwa jinsi mimba ilivyomsumbua alikuwa amekatazwa safari. Kwetu binti akizaa mara ya kwanza mama yake huwa kando yake, na mama akiwa ni mkunga, hilo halina hata mjadala.

"Nimepokea watoto wa watu mpaka hesabu imenipotea," akasema. "Huyu mmoja nataka aanguke katika mikono yangu."

Nikasema inshallah, na nilisema kwa moyo wote. Nilijua pia, maana tuliambiwa wazi, kwamba wakubwa wale wa Palma wangeomba muhtasari wa matokeo yetu kabla ya kuamua. Kwa hiyo nilijiona kama nimekuja kumletea likizo yake mfukoni.

Tukakaa chumba cha dawa. Nikamsomea ridhaa, akaweka sahihi. Swali la kwanza nilikuwa nimelitafsiri mwenyewe na nikajipongeza kwa ufasaha: hali yako kazini ikoje siku hizi? Jibu lilitakiwa liwe kati ya alama moja, mbaya sana, na alama tano, nzuri sana.

"Alhamdulillah," akasema mkunga.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtoto wa pwani yetu analijua. Kwetu mtu haulizwi hali akaanza na shida. Anaanza kwa kushukuru. Habari za kazi? Salama. Za nyumbani? Salama. Hata penye msiba habari huwa njema kwanza. Halafu mnanyamaza kidogo, mmoja anatazama mikono yake, na ndipo linapokuja neno "ila". Nyuma ya "ila" ndiko iliko habari yenyewe. Mama yangu aliwahi kuwaambia wageni watatu kwamba yeye mzima kabisa, naye wakati huo malaria imemlaza chini, shingo hawezi kuinua. Mgeni wa nne alikaa muda wa kutosha, akaambiwa ukweli. Wale watatu hawakulalamika kwamba wamedanganywa. Walijua wameondoka mapema.

Na mimi, mjuzi wa mila zote, nikabonyeza tano.

Tukaendelea hivyo. Usingizi? Alhamdulillah. Tano. Msaada kazini? Tunashukuru. Tano. Mapumziko? Mungu anasaidia. Hapo nilisita kidogo, kisha nikaona anayesaidiwa na Mungu hawezi kuwa chini ya tano. Mpango ulioidhinishwa na kamati ulinipa nusu saa kwa kila mtu, na mimi sikuitumia hata nusu yake. Nilifurahi, nikaanza kuifunga tableti.

"Ila mwanangu," akasema mkunga, akatazama mikono yake.

Ningependa sana kusema kwamba nilikatizwa na mtu, au kwamba sikusikia. Nilisikia. Niliinua kiganja kwa upole wa kitaalamu nikamwambia, "Mama, mahojiano yameshakwisha. Ukiniambia kitu sasa hivi siruhusiwi kukiandika. Ni suala la maadili."

Akainuka. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Muuguzi, Mkristo kutoka uwanda wa juu huko bara, alijibu kila swali kwa "Graças a Deus", yaani Mungu ashukuriwe. Dini tofauti, adabu ile ile, na tano zile zile. Mgawa dawa na mfagiaji nao nikawamaliza asubuhi hiyo hiyo. Mchana nilikuwa nimekaa kivulini nakunywa dafu, najiuliza kwa nini watu husema utafiti ni kazi ngumu.

Mwenzangu wa Olumbi alikuwa hoi. Alinipigia simu jioni ya siku ya tatu, bado yuko kwa mtu wa pili. Kila alipouliza swali aliambiwa alhamdulillah, naye hakujua hiyo ni alama ngapi. Basi alimwomba mkalimani amuulize tena: je, ni mbili au ni nne? Watu wa Olumbi, kwa kumwonea huruma mgeni, wakaanza kumweleza. Mmoja alimweleza kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Mwingine alilia, na yeye akalia pamoja naye, kisha akaomba radhi kwa kulia. Madaftari yake yalijaa. Nilimsikiliza, nikamshauri kwa huruma ya kaka kwamba anachotakiwa ni kuyadhibiti mahojiano yake.

Msimamizi wetu chuoni alizifurahia sana tano zangu. Alisema zinaonyesha ustahimilivu wa hali ya juu katika mazingira magumu. Neno "ustahimilivu" lilinipendeza, nikalitumia mara tatu katika muhtasari wa nusu ukurasa niliowapelekea wakubwa wa afya. Niliandika kwamba timu ya Quionga ina ari na imeridhika na kazi. Kisha nikausoma muhtasari ule kwa sauti mbele yao, pale Palma, katika ukumbi wenye feni. Walinipigia makofi. Nilikunywa soda mbili na kupiga picha na kila aliyekuwa tayari.

Ilipita miezi miwili kabla sijarudi Quionga. Nilirudi kwa sababu utaratibu unadai mtafiti awarudishie washiriki matokeo yao. Muuguzi alinipokea mlangoni.

"Karibu, doutor," akasema. "Tumesikia kwamba sisi hapa tuna raha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa matumizi ya dawa. Mkunga mpya alikwenda Olumbi. Wakubwa walisema Olumbi ndiko kwenye hali mbaya, imeandikwa wazi, na Quionga watu wameridhika, imeandikwa pia. Likizo ya mama ilikataliwa, maana hakuna wa kumshikia zamu. Binti wa Diaca alijifungua wiki iliyotangulia, mtoto wa kike. Salama, graças a Deus. Mama alipata habari kwa simu, naye wakati huo yuko chumba cha uzazi na mwanamke mwingine.

Nikakaa kwenye benchi kumsubiri. Alipotoka, akafuta mikono, akakaa kando yangu, akaniuliza habari za safari. Nikasema salama. Na mimi pia ndivyo nilivyofunzwa.

"Afinal, kwani niliandikiwa nini?" akauliza. "Nisomee."

Mshiriki ana haki ya kusomewa majibu yake. Nikafungua tableti nikamsomea. Hali kazini, tano. Usingizi, tano. Mapumziko, tano. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, jinsi anavyosikiliza matumbo ya wajawazito, mpaka nikamaliza.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Ulisema alhamdulillah, mama."

"Sasa ulitaka nianze na nini, mwanangu? Nianze kulalamika hata Mungu sijamshukuru?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru. Niliizima tableti. Alinipiga kidogo begani, akarudi ndani.

Niliporudi Palma niliandika barua. Nilieleza kwamba majibu ya Quionga yalichukuliwa vibaya, kosa ni la mtafiti, si la watumishi. Karani aliipokea vizuri sana, akaigonga muhuri, akanipa nakala. Baada ya siku nyingi nikajibiwa kwamba mkunga wa Olumbi ameshaanza kazi na hahamishiki, na kwamba suala la Quionga litaangaliwa katika mpango ujao. Mwenzangu nilimpigia simu nikamweleza kila kitu. Nilitegemea acheke, maana nilistahili. Aliniuliza tu mama yule anaendeleaje. Ikabidi nikubali kwamba sijui.

Kamati ya maadili iliniruhusu kuwahoji upya. Nikaandika fomu mpya, nikanunua daftari, tableti nikaiacha ndani ya begi. Viatu vya ngozi nilikuwa nimeshavigawa. Mkunga nilimkuta amekaa nje ya chumba cha uzazi, amenyoosha miguu. Ilikuwa imevimba. Sijui kwa nini mara ya kwanza sikuitazama miguu yake.

Nikamsomea ridhaa, akatia sahihi bila kuuliza. Nikamuuliza hali yake kazini.

"Alhamdulillah," akasema.

Safari hii nikanyamaza. Kalamu niliiweka chini kabisa. Kuku wawili wakapita, wakazunguka benchi, wakarudi. Mfagiaji akamaliza kufagia ukumbi wote, akaanza uani. Mimi nimekaa tu, namngojea lile neno lake, na yeye anajua ninangoja nini. Niliona anajua. Mdomoni pake palipita kitu kilichokaribia kuwa tabasamu.

"Andika tano, doutor," akasema. "Kuna mtu ananingoja ndani."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, hata siku ile ya viatu vya ngozi. Iliniuma kuliko makofi yote aliyonichapa kwa ajili ya nazi. Alijiinua kwa kushika ukuta, akaelekea mlangoni, na mimi nikajua kwamba akiingia, basi tena. Nikamuuliza swali ambalo halikuwa katika fomu yoyote.

"Na mjukuu, mama, hajambo?"

Akasimama, mkono juu ya kitasa.

"Hajambo," akasema. "Wanasema kafanana na mimi."