Firigisi ya Kocha

Timu yetu ya Jumamosi ilinipa ukocha kwa sababu nilikuwa na kiti. Sitanii. Wenzangu walikuja uwanjani na viatu vya njumu. Mimi nilikuja na kiti cha kukunja, kile chenye tundu la kuwekea kikombe, nikakifungua kando ya mstari nikakaa. Mtu anayekaa wakati wenzake wanakimbia lazima apewe cheo, la sivyo ataonekana mvivu. Wakaniita kocha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Siku za mapumziko nikiachwa nijiamulie, sitoki Springfield, mji wetu hapa Virginia, Marekani. Sitoki hata sebuleni. Mke wangu, ambaye wiki nzima alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, ndiye aliyetaka kuona watu. Kiti kikawa suluhu: yeye apate watu, mimi nipate sofa ya kusafiri nayo. Kuhusu ujuzi wangu wa soka, nilikuwa golikipa wa akiba wa kidato cha pili, na golikipa mwenyewe hakuumwa hata siku moja.

Timu ilikuwa mchanganyiko: Watanzania wengi, Wakenya kadhaa, na Mkongomani mmoja aliyetulaumu kwa Kifaransa. Tulifungwa sana, lakini tulikula vizuri. Baada ya mechi kina mama walifungua masufuria nyuma ya magari, na hapo ndipo cheo changu kilipoonekana. Mke wangu alikuwa akipika pilau ya kuku, na kuku ana firigisi moja tu. Kwao, kama kwetu, firigisi hapewi mtu yeyote tu. Ni ya baba mwenye nyumba. Kila Jumamosi ilikaa kwenye sahani yangu, juu kabisa ya pilau, pale ambapo kila mtu anaiona.

Kisha Mkenya mmoja, beki wetu wa kati, akaja na jirani yake wa Gaithersburg, Maryland, Mhispania.

"Kocha, huyu jamaa alikuwa pro," akaniambia. "Spain, si mchezo! Na sasa ni kocha, ako na makaratasi yote. Nimemwambia aje acheki tu."

"Acheki," nikasema, bila kuinuka.

Alikuwa mwembamba, na mguu mmoja ulikuwa mzito kidogo. Historia yake tuliipata kipande kipande, kwa Kiingereza kibovu kama changu, ila chake watu walikiona kitamu. Alianza utotoni kwenye timu ya mji wao, huko kaskazini ambako mvua haikatiki. Akapanda hadi daraja la pili, beki wa kushoto. Alipokuwa anakaribia kupanda tena, goti likaachia. Akapasuliwa, akarudi uwanjani, likaachia tena, timu ikamtema. Akaanza upya kwa kufundisha watoto wadogo, akasomea ukocha, akapanda mpaka akawa msaidizi kwenye timu ileile iliyomtema. Halafu mkewe akapata kazi ya maabara huku Maryland, naye akamfuata.

Niliisikiliza hadithi hiyo nikitafuta mahali pa kuidharau, nikapakosa. Goti lake peke yake lilikuwa limeona mengi kuliko mimi mzima.

Mwanzoni alisimama nyuma ya kiti changu kwa adabu. Baadaye akaomba kuwahamisha mabeki wawili. Baadaye tena tukashinda, jambo lililotuchanganya kabisa, kwa maana hatukuwa tumezoea kushangilia. Hakuna aliyeninyang'anya ukocha. Ulihama wenyewe, kama paka anayesikia jirani anakaanga samaki. Mimi nikabaki na chupa za maji.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mke wangu. Miaka yote nilijaribu kumweleza maana ya kuotea, akaniambia nisimchoshe. Mhispania alimweleza mara moja, kwa vizibo vya soda juu ya boneti ya gari, na mechi iliyofuata mke wangu akawa anapiga kelele "Ameotea!" kabla hata ya mshika kibendera.

"Kumbe ni rahisi," akaniambia.

Siku hiyohiyo, baada ya mechi, akapakua. Nikanyoosha mkono kama kawaida yangu. Sahani ikanipita. Nikaitazama firigisi yangu ikienda, imekaa juu ya pilau kama bibi harusi, mpaka ikatua mapajani kwa Mhispania, ambaye kwa ajili ya goti lake alikuwa amekalia kiti changu. Mkenya akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mhispania, asiyejua kapewa nini, akaitupia mdomoni yote kwa mara moja, akainua dole gumba.

"Wewe nikuwekee paja au kidari?" mke wangu akaniuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, maji?"

Wakati wa kurudi niliendesha mimi. Makutano ya barabara pale Springfield yanataka dereva mwenye amani moyoni. Mimi nilikuwa nawaza firigisi, nikapitiliza njia ya kutokea, tukajikuta tunaelekea Richmond, mbali kusini, nyumbani tumekuacha nyuma.

"Tunakwenda wapi, mwenzangu?"

"Muulize kocha."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haya yote ni firigisi?"

"Si firigisi. Ni mbele za watu."

"Firigisi yenyewe huipendi! Miaka yote unaitafuna kama soli, halafu unaisukuma kwa maji. Unadhani sioni?"

Ni kweli. Niliila kwa ajili ya watazamaji.

"Yule kaanguka mara mbili, kainuka akaanza na watoto," akasema, sasa hacheki. "Nimempa kwa hilo. Wewe nikupe kwa lipi? Kwa kukaa?"

"Nakaa vizuri," nikasema.

"Hilo sikatai."

Jumamosi iliyofuata nilimwachia Mhispania kiti, nikasimama. Msimu mzima nilisimama. Yeye alininong'oneza maelekezo kwa Kiingereza chetu kile, mimi nikayarusha uwanjani kwa Kiswahili na matusi madogo ya kuyasindikiza, na hata Mkongomani akaanza kurudi kukaba. Miguu iliniuma kama ya mchezaji. Firigisi nayo iliendelea kwenda kitini.

Msimu ulipoisha Mhispania akapata kazi ya kufundisha timu ya chuo fulani, mbali, majimbo ya kati. Hata kuondoka kwake kulikuwa kupanda cheo. Mimi nikiondoka mahali huwa naenda kulala. Siku ya kumuaga, mke wangu alipika kuku wawili. Akapakua sahani ya Mhispania, akaiweka firigisi juu. Akapakua yangu, akaweka firigisi juu, mbele za watu wote.

Nikaitazama ya kwake. Nikaitazama yangu. Yangu ilikuwa ndogo.

"Usianze," mke wangu akasema kwa sauti ya chini. "Kuku hawalingani."

Nikaitupia mdomoni yote kwa mara moja, kama alivyofanya yeye, bila maji. Mhispania akazunguka kuwaaga watu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na la kumwambia. Alipofika kwangu bado nilikuwa natafuna, kwa hiyo nikampa mkono tu.