Kamba ya Kupandia Mkuyu

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mpemba alipofungua robota la kamba za katani, harufu yake ilinisimamisha mlangoni.

Utotoni, dada yangu na mimi tulikuwa tunatafuta kamba ya kupandia mkuyu mkubwa nyuma ya shamba letu, kwenye vilima vya Ileje. Ulikuwa mchezo tu. Tulikuwa na kamba mbili: ya katani, iliyonuka ng'ombe, na ya nailoni ya buluu, iliyodondoka kwenye lori. Tukachagua ya buluu kwa sababu ilipendeza. Dada alikuwa ameshajifunga kiunoni mama alipotokea na jembe begani.

Tulisubiri fimbo. Mama akaifungua ile kamba, akaizungusha viganjani, akavuta mara moja. Ikakatika kama uzi.

"Jua limeshaila hii," alisema. "Mngekufa."

Kisha mama, mzee wa kanisa, akairusha ile ya katani juu ya tawi, akakaza kitenge chake, akashika ncha zote mbili na kupanda. Tulibaki midomo wazi.

Alipofika juu akakaa kwenye tawi, akitazama mbali.

"Mama, unaona nini?" niliuliza.

"Kwetu."

"Kwetu si hapa?"

"Hapa ni kwenu, mwanangu. Kwetu ni kule, ng'ambo ya mto wa mpakani."

Dada alinishika mkono. Mpaka siku ile hatukuwa tunajua kwamba mama naye ana kwao.