Aliyeshika Mlingoti wa Lalit

Nyanchera alikuwa akiosha mikebe ya maziwa nyuma ya nyumba yake, kule Nyansiongo, Ondieki wa kukusanya maziwa alipomletea mgeni. Alikuwa mwanamke wa Kihindi wa makamo, viatu vimejaa matope, bahasha mkononi. Alisalimu kwa Ekegusii, akajitambulisha kuwa Geeta, binti wa marehemu Lalit wa duka la redio mjini Kisii.

Nyanchera akaweka mkebe chini. Jina la Lalit hakuwa amelisikia uani kwake kwa miaka mingi.

Lalit ndiye aliyesifiwa kuwa wa kwanza kunasa picha za televisheni pande zile. Gazeti lilimtoa akiwa peke yake kando ya mlingoti wake wa antena. Lakini Geeta, katika kupanga stoo ya duka, aliipata picha ile ikiwa nzima. Gazeti lilikuwa limewakata watu wawili: msichana mrefu na kijana mwenye kofia. Mwezi mzima alizunguka akiulizia, hadi Ondieki alipoitazama na kusema, hivi ndivyo Mama Nyanchera husimama akingoja maziwa yake yapimwe.

"Ni wewe, mama?" Geeta akauliza, akiitoa picha kwenye bahasha.

Nyanchera alipangusa mikono, akaipokea picha. "Sweta ni ya dada yangu," akasema. "Mengine yote ni yangu."

Mokeira, mkaza mwana wake, alikuwa ameleta chai. Aliangalia picha, akamwangalia mama mkwe. "Miaka kumi na mitano niko hapa, mama. Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza."

Basi akawaeleza. Mwaka wa sabini na moja alikuwa akifagia duka la Lalit. Siku moja Lalit alimkuta akisuka kikapu wakati wa chakula cha mchana, akavitazama vidole vyake, akamletea nyaya za shaba. Tangu siku hiyo ufagio ukapewa mtu mwingine, naye akawa wa kusuka nyaya hizo ziwe koili za redio. Nyaya za mlingoti zilihitaji vishikio visivyopitisha umeme, na Lalit akampata mchongaji wa Tabaka, Obwocha, yule kijana wa kofia, aliyevichonga kwa jiwe laini la kwao liitwalo jiwe la sabuni. Mambo yalipokuwa tayari walipanda na jenereta hadi kilima cha hapo Nyansiongo, televisheni wakaiweka ndani ya ghala la mahindi.

"Mimi nilikuwa nje nikizungusha mlingoti," Nyanchera alisema. "Lalit anapaza sauti, geuza kidogo, kidogo tu. Ghafla wakasema, shika hapo hapo. Nikisogea, picha inapotea. Nikashika saa nzima. Nilipoitwa ndani, matangazo yalikuwa yamekwisha."

"Hukuona kitu?" Geeta akauliza.

"Niliona mtoto wa mwenye ghala. Baadaye tukaoana."

Geeta alicheka mpaka akaiweka chai chini. Kisha akauliza kama Obwocha yungali hai. Nyanchera hakujua, lakini alijua alichotaka kumwuliza.

Alhamisi wakaenda Tabaka kwa pikapu ya Geeta. Obwocha wa kwanza waliyeonyeshwa alikuwa na miaka thelathini. Wa pili alikuwa fundi wa baiskeli. Wa tatu walimkuta chini ya kibanda cha mabati, mzee mwembamba aliyejaa vumbi jeupe, akisugua kiboko wa jiwe kwa msasa. Alimtazama Nyanchera, asimtambue.

"Geuza kidogo," Nyanchera akasema. "Kidogo tu."

Msasa ukamponyoka. "Nyanchera wa mlingoti," mzee akasema, akamshika mikono yote miwili.

Walipokwisha kuulizana habari za watoto na wajukuu, Nyanchera akaketi mbele yake. "Sasa niambie. Siku ile mliona nini?"

"Mtu aliyevaa tai. Alisoma habari."

"Saa nzima?"

Obwocha alijikuna shingo. Akamtazama Geeta, akatazama kiboko wake. "Habari zilikuwa dakika kumi. Baadaye wakaja wacheza ngoma. Lalit alisema tukuite. Nikamwambia, ukimwita watu hawa watapotea."

"Na mimi niko nje kwenye upepo, nikiuliza, bado? Nanyi mnanijibu, bado ni habari."

"Ni mimi niliyejibu," Obwocha alikiri. "Walikuwa wanacheza vizuri sana."

Nyanchera alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia, kikamshika mbavu hadi akaegemea nguzo ya kibanda. Obwocha naye akacheka, kwa woga kwanza.

Geeta alitoa daftari, akawaomba wamwandikie majina yao kamili, kwa kuwa picha nzima ingetundikwa ukutani dukani na majina yote matatu chini yake. Nyanchera aliandika lake kwa herufi kubwa, akakagua na la Obwocha. Kisha Geeta akataka kuwapiga picha mpya. Obwocha akasema wamngoje abadili shati. Alikawia sana. Nyanchera na Geeta walikaa juu ya mawe ambayo hayajachongwa, wakila ndizi mbivu walizonunua njiani, Ogembo, wakisikia sanduku likifunguliwa ndani ya nyumba na mzee akimwuliza mkewe tai iko wapi.