Mafuta ya Pamba Kwenye Injini

Mume wangu Machage hajahujumu hata kuku wa jirani. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana wapo watu hapa kwetu Bunda ambao mpaka leo wakimuona anapita na ovaroli yake wanaguna. Waache wagune. Mimi Gati, mkewe, nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka sabini na sita, msimu wa pamba. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na lori moja, na fundi wake alikuwa Machage. Oili ya injini ilikuwa imeadimika kweli kweli. Machage akawaambia viongozi lori lisiwashwe kabisa, akapanda basi kwenda Musoma kutafuta. Alizunguka siku tatu, akapata galoni moja kwa mvuvi wa Makoko mwenye boti ya injini.

Huku nyuma Mwenyekiti Ngolo akashindwa kungoja. Alitaka pamba ya kijiji chake iwe ya kwanza kufika kiwandani, asifiwe. Akamwamuru dereva, Clementi, amimine kwenye injini mafuta ya kupikia, haya ya mbegu za pamba. Eti mafuta ni mafuta. Jamani, na huyo ndiye aliyekuwa anaongoza kaya mia mbili! Lori halikumaliza hata nusu ya njia. Injini iligonga, ikagonga, ikazimika, lori likavutwa kurudi kijijini.

Machage alishuka kwenye basi na galoni lake mkononi, akakuta mkutano. Ngolo amesimama juu ya meza anamwita mhujumu, kwamba ameharibu lori makusudi kisha akakimbilia mjini. Clementi alikuwepo, ameinamisha kichwa. Mume wangu akapewa mwezi mmoja lori litembee, la sivyo apelekwe polisi. Kuanzia siku hiyo nikifika kisimani wenzangu wanajitwika ndoo hata hazijajaa. Shuleni mwanangu Robi anaitwa mtoto wa mhujumu. Nililia, lakini kwa hasira.

Machage mwenyewe akaenda kuchukua spana zake. Alikuwaga hivyo, na iliniudhi sana. Alifungua injini tu. Ndani uchafu mzito kama gundi umeziba njia zote za oili, beringi zimeungua, pistoni moja imepasuka, silinda zimechubuka. Akaiita kamati na Clementi waje kutazama. Clementi alipoinama akasikia harufu ya maandazi, ya yale mafuta ya kupikia, akashindwa kuvumilia, akasema mbele ya kamati nani alimwamuru. Kamati ikatazamana, ikaenda zake. Hakuna aliyeitisha mkutano kumsafisha Machage.

Machage akaendelea na kazi. Silinda zikapelekwa Musoma zikachongwa, na kwa kuwa sasa zilikuwa pana akatafuta pistoni kubwa zaidi. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikasagwa ikang'aa. Akafunga na chujio la pili la oili alilolitoa kwenye trekta bovu. Lori lililokuwaga linapanda kilima cha kwenda Butiama kwa gia ya kwanza, linakohoa njia nzima, siku ya kulijaribu lilipanda na mzigo kwa gia ya tatu.

Jioni hiyo Ngolo akaja nyumbani na kilo mbili za sukari. Sukari wakati ule! Akakaa jikoni, akasema tusameheane, mambo ya kazi. Machage akaanza kuitikia kwamba yameisha. Hapo ndipo nilipopandwa na mori.

"Yameisha wapi?" nikamwambia Ngolo. "Ulimtukana mbele ya kijiji kizima, halafu unamwomba radhi mbele ya sufuria zangu?"

Akasema shemeji, uongozi una heshima yake. Nikamrudishia sukari yake mapajani. Nilidhani Machage atanikemea. Badala yake akamgeukia Ngolo, taratibu kama kawaida yake.

"Lori ni zima, Mwenyekiti," alisema. "Kesho ukishasema mbele ya watu, nitaliwasha."

Pamba ilikuwa imerundikana hadi nje ya ghala na mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, kwa hiyo Ngolo hakuwa na ujanja. Asubuhi mkutano ukaitwa. Akapanda juu ya meza, akasema Machage hakuhujumu kitu, amri ya mafuta ya pamba ilikuwa yake yeye. Alisema kwa sauti ndogo. Watu wa nyuma wakadai hawakusikia, akarudia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nimesikia mara zote mbili, nikamwambia arudie tena.